Kulala Kitulo wakati wa kiangazi: panga safari kwa kuanzia usiku

Picha za Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, zinazosambaa kwenye simu karibu zote zimepigwa mchana. Jua linawaka, nyasi zinang'aa, watu wamevaa fulana. Anayepanga safari kwa kutazama picha hizo hufika juu na shuka moja la Kimasai, na ikifika saa nne usiku anaulizia gari la kurudi Matamba, mji mdogo wa jirani. Bahati mbaya hakuna gari saa hizo.

Uwanda wa Kitulo uko juu, takriban mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, kati ya milima ya Uporoto, Kipengere na Livingstone. Kadiri unavyopanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna asubuhi ambazo nyasi huamka nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda, na maji uliyoyaacha kwenye sufuria nje utayakuta yamefunga utando wa barafu. Mchana wa huko hauhitaji mpango mkubwa, usiku ndio unaouhitaji. Ukiamua kwanza utalalaje, mambo mengine yote, yaani mwezi, chakula, saa ya kufika na hata nani aje na nani abaki, yatajipanga yenyewe.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kulala kwenye hema usiku mbili au tatu katika likizo ya shule ya katikati ya mwaka, au wakati wowote wa kiangazi kabla mvua hazijaanza.

Kwanza, amua unakwenda kuona nini

Lisemwe mapema ili watu wasirudi na kinyongo: maua yaliyoipa Kitulo jina la Bustani ya Mungu huchanua wakati wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, na maua hunoga zaidi kati ya Desemba na Aprili. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 413 hivi, na aina za mimea zinazofikia 350, zikiwamo okidi aina 45. Ni hifadhi iliyotengwa hasa kwa ajili ya mimea, jambo ambalo ni adimu Afrika. Kama roho yako iko kwenye okidi, subiri Februari, kubali matope, na tafuta gari lenye nguvu.

Kiangazi kina yake. Njia zinapitika, anga ni safi, unatembea kutwa bila koti la mvua, na radi hazipo. Hilo la radi si dogo. Juu kule ni uwanda wa nyasi usio na miti mingi, na wakati wa masika hema lako linaweza kuwa ndicho kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu. Ndiyo maana kwa familia yenye watoto, au kwa mtu anayelala hemani kwa mara ya kwanza, mimi nitasema kiangazi bila kusita. Maua mtayarudia mwaka mwingine, na mtakuwa mmeshakijua kitanda chenu.

Ndani ya kiangazi chenyewe kuna tofauti. Juni na Julai ndipo baridi inapouma zaidi. Mwishoni mwa Agosti na Septemba usiku hulegea kidogo, lakini nyasi zimekauka, upepo ni mwingi, na hofu kubwa ni moto. Kama huna vifaa vya kutosha na huna watoto wa shule wa kusubiri, chagua Septemba.

Nani aje, nani asije

Hatua hii watu huiruka kwa sababu inaonekana kama kumbagua mtu. Ifanyeni mapema, nyumbani, kwa upole.

Mwenye selimundu asipande kulala kwenye urefu huu kabla hajazungumza na daktari wake. Hewa nyepesi, baridi na kupungukiwa maji mwilini ni mambo matatu yanayoweza kuamsha maumivu makali, na pale juu yote matatu yanakutana. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye pumu isiyotulia na mama mjamzito nao waulize kwanza. Mtoto mchanga mwache kwa bibi.

Kwa waliobaki, shida ya kawaida ni kichwa kuuma, kichefuchefu kidogo na usingizi wa mang'amung'amu usiku wa kwanza. Anayetoka Dar es Salaam au Tanga asipande moja kwa moja. Alale Mbeya, ambako ni mita 1,700 hivi, au Njombe, kisha apande kesho yake. Juu anywe maji ya kutosha na asijitie mbio siku ya kwanza. Kichwa kikizidi kuuma badala ya kupungua, mtu akaanza kutapika au kuyumba anapotembea, dawa ni moja: mshusheni. Msingoje asubuhi kama kuna gari na dereva yuko macho.

Mawasiliano na hifadhi, kisha malipo

Kitulo iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na ofisi za hifadhi ziko Matamba, wilayani Makete. Piga simu au andika kabla ya safari, usifike tu getini jioni. Malipo yanafanyika kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu, kwa hiyo fedha taslimu mkononi haitakusaidia. Mtanzania hulipa kiwango chake na mgeni chake, basi kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA. Viingilio vya hifadhini ni kitu kimoja na ada ya kulala kambini ni kitu kingine; hakikisha hesabu uliyopewa ina vyote viwili, pamoja na mwongozaji kama mtatembea kwa miguu.

Ukishampata mtu wa kuongea naye, muulize maswali ya usiku: maji yapo kambini au tubebe? Choo kikoje? Kuna banda la kupikia lenye ukuta wa kukinga upepo? Gari letu litafika hadi kwenye kambi au tutabeba mizigo? Kambi za huku ni ndogo na za kawaida, hakuna duka la pembeni wala mtu wa kukukodisha blanketi. Jibu lolote lenye "nadhani", wewe lichukulie kuwa halipo.

Njia ya kupanda

Kuna njia mbili ambazo wengi huzitumia. Ya kwanza huacha barabara kuu ya TANZAM, iendayo Zambia, pale Chimala, mashariki ya Mbeya, na kupanda ukingo wa bonde hadi Matamba. Wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Mandhari yake haisemeki: bonde la Usangu linabaki chini yako tambarare, na kila kona inalisogeza mbali zaidi. Lakini dereva asitazame mandhari. Apande kwa gia ndogo, apige honi kabla ya kona zisizoonyesha mbele, na wakati wa kushuka atumie gia badala ya kukanyaga breki mfululizo, maana breki zikipata moto huacha kushika. Njia ya pili inaacha barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu pale Isyonje na kupitia Kikondo. Hii inapanda taratibu zaidi, na inamfaa anayetaka kuunganisha na ziwa Ngosi au Daraja la Mungu kule Kiwira.

Jaza mafuta Uyole au Chimala. Asiye na gari atapata magari ya abiria hadi Matamba na kumalizia kwa bodaboda au gari la kukodi, ila apatane na dereva siku na saa ya kumfuata kabla hajamwachia aondoke.

Jambo moja la muda. Juni huko jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni na kuchomoza karibu na saa moja kasoro asubuhi, kwa hiyo usiku una zaidi ya saa 12. Panga kufika kambini saa tisa alasiri, na ikizidi sana saa kumi. Hema linalosimamishwa gizani, na vidole vimekufa ganzi, halisimami vizuri.

Kitanda: hapa ndipo fedha iende

Kama bajeti ni finyu, punguza siku, punguza nyama, usipunguze vifaa vya kulalia.

Anzia chini. Watu hununua mablanketi mawili mazito ya kujifunika na kusahau kwamba baridi kali hutoka ardhini. Blanketi ulilolalia limegandamizwa na uzito wako, halina tena hewa ndani yake, na hewa ile ndiyo iliyokuwa inakupasha joto. Kila mtu awe na kipande cha sponji nene au mkeka wa povu wa kulalia, na chini yake turubai la kuzuia unyevu. Kama hamna vya kutosha, mtandike maboksi makavu ya karatasi. Yanasaidia kweli.

Juu ya hapo, begi la kulalia. Mabegi mengi yana alama ya joto yanayohimili. Tafuta lililoandikwa nyuzi 0 au chini yake, tena usiamini sana, ongeza blanketi moja juu. Ukikosa begi la namna hiyo, mabegi mawili mepesi, moja ndani ya jingine, hufanya kazi nzuri.

Nguo hazihitaji duka la gharama. Pita kwenye mitumba ya Mwanjelwa au SIDO pale Mbeya, utapata sweta za sufu, makoti yenye manyoya ndani, mizula, glavu na soksi nzito kwa bei ya kueleweka. Tafuta sufu au nyuzi za plastiki za aina ya fulisi kwa nguo za karibu na mwili. Pamba ikishalowa jasho hubaki baridi mwilini usiku kucha. Kila mtu awe na seti moja ya kulalia ambayo haivaliwi mchana hata iweje: suruali, fulana ya mikono mirefu, soksi, mzula. Jua linapoanza kulala, kabla ya kusikia baridi, wote mbadilishe nguo za kutembelea na kuvaa hizo. Ukingoja hadi utetemeke, umeshachelewa, na mwili utakula nguvu nyingi kurudisha joto ulilopoteza.

Hema liwe la tabaka mbili. Mkilala wanne ndani, pumzi zenu zitageuka maji kwenye paa na kudondoka juu ya mablanketi, kwa hiyo matundu ya hewa yaachwe wazi hata kama moyo unataka kuyaziba. Usiingize uso ndani ya begi kwa sababu hiyohiyo; vaa mzula hadi kwenye masikio na uache pua nje.

Jiko na chakula

Kwenye urefu wa Kitulo maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100. Yanatokota kama kawaida, lakini maharage hayaivi. Utachoma gesi nusu mtungi na bado yatakuwa magumu. Pika maharage, kande na nyama ngumu nyumbani, zigandishe au zifungashe vizuri, huko iwe kazi ya kupasha tu. Ukiwa na sufuria ya presha, beba. Wali unaiva kwa subira: maji zaidi kidogo, mfuniko uliobana, na jiwe juu ya mfuniko. Ugali hauna tatizo.

Kuni haziokotwi hifadhini. Tumia gesi, na ujue kuwa gesi hudhoofika kwenye baridi. Asubuhi mtungi mdogo uliolala nje hutoa moto hafifu. Uweke kwenye jua kidogo kabla ya kupika, kamwe usiupashe kwa moto.

Mchele nunua Chimala, ambako Usangu iko mlangoni. Viazi mviringo nunua kwa wakulima wa huko juu. Ni vitamu na utakuwa umewaachia kitu majirani wa hifadhi. Ndizi na maparachichi ya Rungwe ni chakula kizuri cha kutembea nacho. Kabla ya kulala kila mtu ale kitu chenye mafuta, karanga au chapati, na anywe chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha, kwa kuwa mwili unahitaji cha kuunguza usiku.

Maji ya kijito yachemshe dakika tatu tangu yaanze kutokota, kwa vile huku yanachemka kwa joto dogo. Ya mwisho ya jioni yatie kwenye chupa ya chuma, uifunge, uivishe soksi, uiingize miguuni mwa begi la kulalia. Asubuhi ni ya kunawia uso.

Kusimamisha hema

Ukifika, usikimbilie bondeni kwa sababu panaonekana pamejificha. Hewa baridi ni nzito, hutiririka na kutuama penye mabonde, na ndipo sakitu hukaa nene. Panda kidogo kwenye mteremko, palipo tambarare ya kutosha hema moja. Kiangazi upepo wa kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, nalo jua la Juni huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki halisi. Elekeza mlango kaskazini-mashariki: mgongo na ubavu wa hema vitakinga upepo, na jua la kwanza litaingia ndani. Kamba zote zifungwe kwenye vigingi hata kama kumetulia.

Usiku wenyewe

Soma sehemu hii mara mbili, na uwasomee utakaokwenda nao.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema. Si kwa dakika tano, si likiwa na makaa yaliyofifia, si mlango ukiwa nusu wazi. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, mtu anasikia uzito na usingizi mzuri, na haamki. Katika nyanda hizi za baridi tumezoea jiko la mkaa chumbani wakati wa kipupwe, na familia zimekufa ndani ya nyumba za matofali zenye madirisha. Hema ni dogo zaidi na hubana zaidi. Jiko la gesi nalo vilevile lipikiwe nje. Mtu akiamka na kichwa kizito na kichefuchefu, na kulikuwa na moto karibu, mtoeni nje kwenye hewa kwanza, maswali baadaye.

Mtoto anayetetemeka bado anapambana. Mtoto aliyeacha kutetemeka huku akiwa wa baridi, anazungumza kwa kukokota maneno au hataki kuamka, yuko hatarini. Mvue chochote kilicholowa, mwingize kwenye begi moja na mtu mzima, ngozi kwa ngozi, mfunike kichwa, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, na tafuta msaada wa hifadhi.

Simu zilaleni nazo, betri huishiwa haraka kwenye baridi. Mtandao juu kule huja na kuondoka, basi mtu mmoja nyumbani ajue mko wapi na mnarudi lini.

Na kama usingizi ukikatika alfajiri, toka nje mara moja ukiwa umevaa vizuri. Juni na Julai, kabla hakujapambazuka, Kilimia (kundi la nyota) huonekana upande wa mashariki, kile walichokifuata wazee kujua majira ya kulima. Penye hewa safi na pasipo taa, nyota zake unaweza kuzihesabu.

Mchana

Baada ya saa tatu asubuhi jua hurudi na kila kitu kinakuwa chepesi. Linachoma kuliko unavyohisi, kwani upepo wa baridi unakudanganya: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, hasa kwa mwenye ualbino. Tembea na mwongozaji kuelekea kilele cha Mtorwi, mita 2,961, kama miguu iko tayari, au ukingoni mwa msitu wa Livingstone anakoishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtambua kwa mara ya kwanza miaka ya 2000 ingawa wawindaji wa huku walimjua siku zote. Usimtarajie kujitokeza. Ndege wakubwa waitwao tandawala huonekana wakitembea nyasini bila haraka. Mbayuwayu wa buluu utamkosa, yeye huja kuzaliana mvua zikikaribia. Ukungu ukishuka ghafla, simameni mlipo hadi muione njia.

Usichimbe kitu. Viazi vya okidi vilichimbwa huku kwa miaka, vikavushwa kwenda Zambia kutengenezewa chikanda, chakula cha huko kitokanacho na viazi hivyo, na kuzuia uchimbaji huo ni mojawapo ya sababu za kuwekwa hifadhi. Kiangazi mimea hiyo iko chini ya udongo, haionekani, na hema lako linaweza kuwa juu yake. Kwa hiyo usichimbe hata mfereji wa kuzunguka hema. Kipande cha sigara kisitupwe kabisa. Nyasi za Septemba zinasubiri cheche tu.

Siku ya kuondoka

Usifungashe hema alfajiri likiwa na sakitu. Kunyweni chai, acheni jua lilikaushe hadi saa nne. Takataka zote zishuke nanyi hadi mjini, kwenye magunia au viroba vya kitambaa, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Mkishuka kwa Hamsini na Saba, simameni mara moja katikati breki zipoe.

Mkifika nyumbani, tandazeni hema na mabegi ya kulalia kivulini penye upepo kwa siku mbili kabla ya kuyakunja, la sivyo yataota ukungu. Na mtu akipata homa katika wiki mbili zinazofuata, akapime malaria. Juu hapakuwa na mbu wa maana, lakini mlipita Chimala.